Uzi: Kuvuta karavani hadi Kidepo, mafuta mnajaza wapi na mnahesabuje?

BusiaBarabarani

Wadau, salaam. Nimekaa na aibu hii wiki tatu, leo naitoa.

Mimi ni dereva wa watalii, nyumbani Busia upande wa Uganda. Njia ya Kidepo, ile hifadhi ya wanyama kaskazini-mashariki mwa Uganda, naijua kama ya kwenda sokoni. Sasa tajiri wangu kanunua karavani kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao, ile nyumba ya magurudumu yenye kitanda, jiko la gesi na friji. Tani moja na robo ikiwa tupu, tani moja na nusu ukishapakia maji na vyakula. Nikaambiwa: fungia kwenye Prado, peleka familia Kidepo.

Prado yenyewe ni ya dizeli, tangi lita 87. Bila mzigo inanipa kilomita 9 kwa lita, kwa hiyo kichwani nina hesabu yangu ya siku zote: Kampala hadi Apoka, kambi iliyo ndani ya hifadhi, kupitia Gulu na Kitgum ni kama km 570, tangi moja linanifikisha na chenji inabaki. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniua.

Nilijaza Kampala hadi shingoni. Kufika Gulu, km 335 hivi, mshale uko chini ya nusu kabisa. Nikadhani geji imeharibika. Nikaongeza ya shilingi laki moja, lita 20, nikalala. Asubuhi Kitgum. Sheli ya kwanza dizeli hakuna. Ya pili dizeli ipo, lakini uwanja umejaa boda na lori linashusha magunia, na kutoka lazima upige rivasi hadi barabara kuu. Wageni wananitazama. Nikajiambia, nina kama lita 33, zimebaki km 130, hata nikila lita moja kwa kilomita nne na nusu nafika. Nikapita.

Mvua ilinyesha Orom. Udongo ukawa ugali. Nikaingiza gia ndogo za foo-wili, trela linaburuza kama ng'ombe asiyetaka josho. Kabla ya Karenga gari likakohoa mara mbili likanyamaza.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga. Ana dizeli ya injini yake kwenye jerikeni, akaniuzia lita 15 kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu tajiri anasoma. Tulichuja kwa kitambaa chake cha unga. Nikapiga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka kidole gumba kikafa ganzi, gari likawaka. Jioni tuko Apoka, na taa ya maji kwenye filta imewaka kama mshumaa wa Krismasi.

Nauliza wenye uzoefu wa kuvuta: nyie mnapangaje? Maana nimegundua kwamba njia niliyoijua miaka yote, nikifunga trela nyuma, siijui tena.

---

MzeeWaJuba

Kijana, pole. Nimeendesha malori Kampala–Juba, nina neno moja: nusu tangi ni tangi tupu. Dereva wa lori akiona nusu anatafuta pampu, hatafuti kivuli.

Na kosa lako halikuwa Kitgum. Lilikuwa Gulu. Ulilala mji wenye sheli kila kona, ukaweka ya laki moja kama mtu wa boda. Kwa nini?

---

BusiaBarabarani

Mzee, ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na trela limeziba njia, wa nyuma wanapiga honi. Nilitaka tu kuondoka pale.

---

NalongoWaMbale

Hapo ndipo penyewe. Wanaume mtaongea lita hadi kesho, lakini shida ya trela kwenye sheli ni kuingia na kutoka.

Mimi nina trela la jiko, napika harusi na vilio kuanzia Mbale, Soroti, Kumi hadi Moroto. Sio karavani, ila uzito unakaribiana na urefu ni ule ule. Mwaka wa kwanza niligonga nguzo ya paa la sheli mara mbili. Ya pili nililipa.

Tangu hapo sheli siichagui kwa jina wala kwa bei. Nachagua yenye tope la malori. Malori yakiweza kuingia na kutoka bila rivasi, mimi ni nani nishindwe? Kwenye njia yako ya Gulu, Migyera na Kamdini malori yanasimama usiku na mchana, kuna nafasi na mafuta hayakai muda mrefu chini ya ardhi. Kama sipajui, nasimama nje barabarani, nashuka, natembea kwa miguu hadi kwenye pampu naangalia mdomo wa kutokea uko wapi. Dakika mbili. Watu wananicheka, mama mzima anapima sheli kwa hatua. Wacheke.

Na mjini kama Gulu au Soroti, mbinu yangu ni hii: naingia nilipopangisha, nafungua trela, nalipiga kufuli na mawe kwenye magurudumu, kisha narudi na gari peke yake kujaza. Gari bila mkia linaingia sheli yoyote. Wewe ulipanga foleni na nyumba mgongoni bila sababu, mwanangu.

---

BusiaBarabarani

Banange. Nimekaa hapa najiuliza kwa nini hilo halikunijia.

---

Fundi_wa_Vyuma

Niongeze upande wa gari, maana mtu akisema "trela linakula" haelezi linakulaje.

Uzito kwenye lami tambarare si mwizi mkubwa. Mwizi ni upepo. Karavani ina uso mpana uliosimama wima kama ukuta, unapita juu ya paa la Prado. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa unasukumwa nyuma kwa nguvu iliyozidi ya mwanzo kwa zaidi ya nusu. Barabara ya Luweero kwenda Kafu imenyooka, mguu unalala wenyewe kwenye mafuta. Bila shaka ulikuwa 100.

---

BusiaBarabarani

Mia na kumi kidogo.

---

Fundi_wa_Vyuma

Basi dizeli yako iliishia Nakasongola, Karenga uliisoma tu barua.

Uzito unakuja kudai kwenye mlima. Tuseme gari na trela jumla tani 3.5. Kupandisha tani 3.5 mita 1,000 juu kunahitaji nishati ya kama megajuli 34. Lita ya dizeli ina karibu megajuli 36, lakini injini inageuza kazi kama theluthi tu, nyingine ni joto. Kwa hiyo kila mita 1,000 unayopanda inakula kama lita 3 juu ya matumizi yako ya kawaida. Kwa Kampala–Kitgum haikuhusu, kule unashuka zaidi ya kupanda. Ila anayevuta kwenda Kabale na Kisoro, mle panda-shuka panda-shuka, ajumlishe mipando yote. Mteremko haurudishi ulichokula, maana unashuka umeshika breki.

Moramu mbichi, barabara ya udongo, ni hadithi nyingine, sina hesabu yake. Pale magurudumu manne ya gari yanachimba na mawili ya trela yanaburuzwa kwenye mtaro uliochimbwa. Nawaambia wateja wangu wachukue kilomita kwa lita wanazopata kwenye lami wakiwa na trela, kisha wakate robo. Mvua ikinyesha wakate nusu.

Automatiki izimwe ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, wakati wa kuvuta, vinginevyo gia inaruka juu chini, juu chini, mafuta ya giaboksi yanachemka na dizeli inaenda bure.

---

Mutukula_Bkb

Wakuu, mimi mgeni kwenye uzi, natokea Bukoba. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, tangi lita 80, na karavani ndogo ya tani moja. Desemba nataka kupeleka familia Kidepo, naingilia Mutukula, Masaka, nazungukia bypass ya Kampala. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa Gulu na kurudi kwa Kaabong, Kotido, Moroto, Soroti, Mbale ili tuone Karamoja yote. Wese nibebe kwenye madumu matano nisahau habari za sheli. Mnaonaje?

---

MzeeWaJuba

Madumu matano ya lita 20 utayaweka wapi? Ndani na watoto? Mvuke wake utawalevya kabla hujafika Luweero.

---

Mutukula_Bkb

Hapana mzee, kwenye ule mkono wa mbele wa trela, kuna kibao cha kuwekea.

---

Fundi_wa_Vyuma

Hapo simama. Lita 20 za dizeli ni kilo 17, na jerikeni la chuma ni kilo 4 au zaidi. Matano ni zaidi ya kilo 100 umeweka kwenye pua ya trela. Trela la tani moja linatakiwa kulalia gari kwa kilo 50 hadi 100 hivi kwenye kile kichwa cha kuvutia, na tayari linalalia. Ukiongeza hizo, mkia wa Hilux unakaa chini, taa zinamulika ndege, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona.

---

NalongoWaMbale

Na asije akayahamishia nyuma ya trela kwa kukwepa hilo. Mimi niliwahi kufunga mitungi ya maji nyuma, nikaona trela linaanza kutikisa mkia kwenye mteremko. Nilisoma sala zote ninazozijua na nyingine za jirani zangu. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, chini. Tena mafuta nyuma kabisa, mtu akikugonga?

---

Fundi_wa_Vyuma

Mama kasema. Jerikeni moja, mawili ukizidi, ya chuma yenye mpira mzima mdomoni, kwenye karia ya nje au ndani ya boksi la gari la wazi, yamefungwa yasitembee. Wakati wa kujaza yashushe chini, yakae kwenye sakafu ya sheli. Usiyajaze yakiwa juu ya boksi lenye plastiki, umeme tuli unaweza kuruka cheche. Na dumu la njano la mafuta ya kupikia sio jerikeni la mafuta ya gari, hata kama Uganda nzima tunalitumia.

---

NalongoWaMbale

Mkiwa hapo kwenye sheli: wenye karavani mna friji la gesi. Lile lina moto mdogo unaowaka ndani muda wote hata gari likitembea. Lizimwe na valvu ya mtungi ifungwe KABLA ya kuingia sheli, sio ukishasimama kwenye pampu. Mimi jiko langu ni gesi tupu, naogopa jambo hili kuliko polisi.

---

BusiaBarabarani

Nalongo, umenifanya nitoke jasho. Sikuwahi kulizima. Hata siku moja.

Na mkitaja polisi, kizuizi kimoja baada ya Karuma afande alizunguka karavani mara mbili, akauliza ni kliniki ya chanjo ya wapi. Nikamfungulia mlango akaona kitanda. Akaniuliza kama mke wangu anajua.

---

MzeeWaJuba

😂 Turudi kwenye mafuta.

Bkb, nisikilize. Ramani ya simu itakuonyesha sheli nyingi. Sheli kwenye ramani ni jengo. Wewe unatafuta vitu vitatu viwe hapo siku hiyo hiyo: dizeli yenyewe, umeme au jenereta ya kusukuma pampu, na njia ya kulipa. Vijijini kimoja kikikosekana umekosa vyote. Nimewahi kukaa saa nne mbele ya pampu imejaa dizeli kwa sababu umeme umekatika na mwenye ufunguo wa jenereta yuko kwenye mazishi. Kadi ya benki iache kwa mambo ya Kampala, pesa ya simu inataka mtandao, beba noti.

Kwa hiyo kila mji mkubwa ninaojaza, nachukua namba ya simu ya kijana wa pampu. Nikirudi njia hiyo nampigia siku moja kabla: mdogo wangu, dizeli ipo? Nina namba kutoka Luweero hadi mpakani. Namba hizo ziliniokoa Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa ajili ya malipo ya vipimo vya Covid. Mafuta mengi yalikuwa yanaingia kwa malori kutoka Kenya, kwa hiyo ndani ya siku chache sheli zikakauka na petroli ikapita elfu kumi kwa lita sehemu nyingine. Mimi nilijua ni wapi bado ipo, wengine walikuwa wanazunguka wakitafuta, wanachoma kidogo walichonacho.

Jambo la pili: ukikuta lori la mafuta linashusha kwenye sheli ndogo, pita au subiri. Yale maji na uchafu uliotulia chini ya tangi la sheli yanakorogwa, na wewe ndiye utakayeyanywa.

---

BusiaBarabarani

Njia ya kurudi kwa Moroto mzee unasemaje? Mimi nimeipita bila trela tu.

---

MzeeWaJuba

Na trela la kwanza la maisha yake? Hapana. Soroti hadi Moroto ni lami, haina neno. Lakini Apoka, Kaabong, Kotido hadi Moroto ni zaidi ya km 200 na ni udongo, kuna makorongo ya mchanga ambayo asubuhi ni makavu na jioni ni mto. Desemba ni kiangazi, sawa, gari peke yake lingepita. Dizeli Kotido utapata siku nyingi, ila sitaki familia ya mtu iishi kwa "siku nyingi". Arudi alikotokea, pampu anazijua.

Halafu zile chupa za maji zenye mafuta utakazoona kando ya barabara huko ni petroli ya boda. Usije ukafurahi.

---

Mutukula_Bkb

Nimekubali, narudi kwa Kitgum. Sasa nipigieni hesabu yangu kama nimeelewa. Trela nikilivuta kwenye lami napata kama kilomita 7 kwa lita, nimejaribu Bukoba–Kyaka. Nikikata robo, moramu ni kama 5. Kitgum–Apoka km 130, kwa 5 ni lita 26. Nitajaza Kitgum full, lita 80. Nyingi mno, au?

---

BusiaBarabarani

Ndugu, unahesabu kama mimi. Umehesabu kwenda.

Ndani ya hifadhi usitegemee pampu. Ukitoka Kitgum, pampu yako inayofuata ni Kitgum ile ile. Kwenda na kurudi km 260, kwa 5 ni lita 52. Ndani utaacha trela kambini na kuzunguka kuangalia wanyama, bonde la Narus asubuhi na jioni, siku moja ushuke hadi bonde la Kidepo lenyewe. Siku tatu ni km 120 kwa urahisi, mwendo wa konokono, injini inaunguruma mmesimama mnatazama simba. Weka lita 17. Tayari 69. Tangi lako 80, na zile za mwisho kabisa chini hazifai kuguswa. Mvua ya ghafla ikukute mara moja tu, umeisha.

Jaza tangi NA jerikeni moja. Jerikeni usilimwage mapema ili kupunguza mzigo, rudi nalo Kitgum limejaa. Hiyo ndiyo hesabu niliyopaswa kufanya mimi, na sikuihitaji shule kuifanya.

---

KasindiKatunguru

Nidandie kidogo. Kuna mwenye karavani aliyepita Katunguru–Ishasha? Tunataka hifadhi ya Queen Elizabeth kisha Bwindi.

---

NalongoWaMbale

Njia hiyo nimepita bila trela. Malori ya Kongo yameichakaza. Jaza Kasese kabla, kisha Kihihi ukishatoka. Katikati usitafute kitu. Ukitaka zaidi fungua uzi wako, huu usije ukatanuka kama matumbo ya wapwa zangu.

---

Mutukula_Bkb *(Januari)*

Wakuu, nimerudi, familia nzima na bampa zote mbili.

Wese lilikwenda hivi. Nilijaza Masaka, nikajaza tena Kamdini bila hata kuhitaji, sababu tu uwanja ulikuwa mpana na mke wangu alitaka choo. Mwendo 80, mabasi yakanipita kama nimeegesha. Gulu nilifanya ya Nalongo, trela likalala kwa geti, mimi na Hilux tukaenda kujaza saa moja jioni. Kitgum ilibidi kungoja nusu saa, umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikawashwa. Nikajaza tangi na jerikeni, na namba ya kijana nimechukua, Mzee.

Kwenye moramu nilipata 4.8. Fundi, heshima yako. Ndani tulizunguka zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu mwanangu alikuwa anatafuta duma na duma hakuwa na habari naye. Nilirudi Kitgum na lita kama 9 kwenye tangi na jerikeni sijalifungua. Bila lile jerikeni ningelala na mawazo kila usiku.

BusiaBarabarani, kabla ya Karenga nilimuulizia mzee wa mashine ya kusaga. Nilimkuta. Nikamwambia nimetumwa salamu na dereva wa nyumba ya magurudumu. Akacheka sana, akanikaribisha maji. Halafu akasema nikwambie bado anakudai kitambaa chake.

---

BusiaBarabarani

Lo! Nilikifungia jerikeni nikasahau, kiko gereji kinafutia injekta. Mwambie nikipita Februari namletea viwili.

---

Mutukula_Bkb

Mwambie mwenyewe. Namba yake nimekutumia inboksi. Dizeli anayo siku zote, ila anasema uje na chujio lako.